Mwendo wa Mnyonge

Mwenyezi Mungu alipotujaalia kuwazuru masahibu zetu wa Maskati, watu wenye asili ya Unguja, walitupeleka sisi na watoto hadi Jebel Shams, yaani Mlima wa Jua, ambao kilele chake kinapita mita 3,000. Hatukukusudia kilele. Tulishika njia nyembamba ya ukingoni mwa korongo, iendayo hadi kijiji cha mawe kilichohamwa na wenyewe.

Vijana walitangulia kwa nguvu zao. Bibi yao alisalia nyuma akihema, na kando yake genge la kutisha. Mwenyeji wetu akawaita wote, akamweka Bibi mbele, akaamuru asipitwe na mtu. Vijana walinung'unika, kwani kijiji kilikuwa bado hakijaonekana. Tulipofika mahali palipo bapa tulisali Adhuhuri na Alasiri kwa ruhusa ya msafiri, kisha tukarejea bila ya kukiona.

Je, tulipungukiwa? Imamu ameamrishwa kuikhafifisha sala kwa ajili ya wadhaifu na wazee walio nyuma yake. Basi ahali walio safarini nao na wawe hivyo. Kijiji kile kitangoja. Bibi hapatikani mwingine.