Rada Angani na Mvua za Milimani: Uchunguzi wa Dhoruba za Baharini kwa Ndege na Maana Yake kwa Nyamirambo, Kigali

1.0 Utangulizi

Nyamirambo ni mtaa wa miteremko. Nyumba, maduka na misikiti yake imejengwa kando ya Mlima Kigali, na mvua kubwa inaponyesha katika sehemu hii ya Wilaya ya Nyarugenge, maji hushuka kwa kasi hadi kwenye mitaro ya mabondeni, kama ule wa Mpazi unaoelekea Nyabugogo. Bahari ya Hindi iko mbali, zaidi ya kilomita 1,000 upande wa mashariki. Hata hivyo, dhoruba zinazozaliwa katika bahari hiyo huchangia kuamua kama masika, ambayo Wanyarwanda huyaita itumba, yatawahi au yatachelewa, yatakuwa haba au ya kufurika.

Makala haya yanaeleza namna ndege za utafiti zinavyochunguza dhoruba za baharini kwa rada, kisha yanaonyesha uhusiano wa dhoruba hizo na mvua za Afrika Mashariki. Hoja yake ni kwamba nchi isiyo na pwani inayo haja ya vipimo vya baharini, lakini havitailinda miteremko yake iwapo rada za nchi kavu hazitasomwa kwa pamoja.

2.0 Namna rada ya ndege inavyofanya kazi

Mnamo tarehe 27 Julai 1943, rubani wa Marekani Joseph Duckworth aliingiza ndege kwa makusudi ndani ya kimbunga karibu na Galveston, Texas, na kurejea salama. Tangu hapo, safari za aina hiyo zimekuwa kazi ya kawaida katika bahari ya Atlantiki. Taasisi ya Marekani ya bahari na angahewa, NOAA, inazo ndege mbili za P-3 zenye injini nne za rafadha, ambazo huvuka kimbunga mara kadhaa katika safari moja.

Rada ya mkiani mwa ndege hizo hutuma mawimbi ya redio na kupokea mwangwi wake kutoka kwenye matone ya mvua. Nguvu ya mwangwi hudokeza wingi wa mvua. Mabadiliko ya masafa yake, kwa kanuni ya Doppler, huonyesha kama matone yanaikaribia ndege au yanaiacha, na kwa kasi gani. Mwale mmoja hauwezi kuonyesha upepo unaoukata kwa pembe mraba. Kwa hiyo antena hutazama mbele kidogo, kisha nyuma kidogo, wakati ndege ikisonga. Kila sehemu ya wingu huonekana kutoka pembe mbili, na watafiti huweza kuchora upepo wa dhoruba nzima, tabaka kwa tabaka. Aidha, wafanyakazi wa ndege hudondosha vipimo vidogo vyenye miavuli, ambavyo hupima joto, unyevu, kanieneo na upepo hadi usawa wa bahari.

3.0 Bahari ya Hindi na masika

Upande wa kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi hauna safari za kudumu za namna hiyo. Kituo cha Météo-France kilichopo La Réunion, chenye jukumu la kufuatilia vimbunga vya eneo hilo, hutegemea zaidi picha za setilaiti. Ndege huja kwa nadra, kwa ajili ya utafiti maalumu. Mwishoni mwa mwaka 2011, kwa mfano, ndege ya P-3 iliruka kutoka Diego Garcia ikiwa sehemu ya utafiti ulioitwa DYNAMO. Lengo lilikuwa kuelewa mwenendo wa Madden-Julian: kundi kubwa la mawingu ya mvua linalosafiri kutoka Bahari ya Hindi kuelekea mashariki na kurudia kwa takriban siku 30 hadi 60.

Suala hili linaihusu Kigali moja kwa moja. Kwa kawaida pepo za mashariki ndizo zinazotawala Afrika Mashariki. Mwenendo huo, au kimbunga kilichopo mashariki mwa Madagaska, unaweza kuvuta pepo zenye unyevu kutoka bonde la Kongo, na mvua ikazidi. Mnamo Machi 2018, wakati vimbunga Dumazile na Eliakim vilipokuwa katika eneo la Madagaska, mvua nyingi isiyo ya kawaida ilinyesha Afrika Mashariki. Machi 2019, kimbunga Idai kilikaa katika mlango-bahari wa Msumbiji kabla ya kuipiga Beira, na safari hii masika yalichelewa. Kwa hiyo, kujua tu kwamba kuna kimbunga hakutoshi. Mahali kilipo na upepo unaokizunguka ndivyo vinavyoamua.

4.0 Kutoka baharini hadi milimani

Kanda imewahi kupata ndege yake ya utafiti. Januari 2019, ndege ya Uingereza iliyokuwa Entebbe ilifanya safari mbili juu ya Ziwa Viktoria kupima pepo za ziwani na za nchi kavu, ambazo huzalisha dhoruba za usiku zinazowatishia wavuvi. Safari mbili haziwezi kuwa huduma ya tahadhari. Thamani yake ni kusaidia kupima usahihi wa mifumo ya utabiri inayotumika kila siku.

Kazi ya kila siku hubaki kwa rada za ardhini, kama ile ya Maranyundo wilayani Bugesera na ile ya Mwanza. Rada hizi zina kikwazo ambacho ndege hukikwepa. Mwale ulioinuliwa nusu nyuzi tu huwa umepanda kiasi cha kilomita 1.5 juu ya rada ukifika umbali wa kilomita 100, na milima iliyopo njiani huukata. Mvua inayoanza chini, nyuma ya kilele, inaweza kupita bila kuonekana. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mafuriko na maporomoko ya ardhi yaliua watu zaidi ya 130, hasa katika Mkoa wa Magharibi wenye milima.

5.0 Hitimisho

Mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, taasisi za hali ya hewa za kanda zibadilishane data za rada papo hapo, kwani wingu halisimami mpakani. Pili, vipima-mvua vya ardhini viongezwe katika mabonde ambayo mwale wa rada hauyafikii. Tatu, panapoandaliwa utafiti wa ndege katika Bahari ya Hindi, nchi zisizo na pwani zishirikishwe tangu hatua ya kupanga maswali. Mkazi wa mteremko wa Nyamirambo hahitaji kuliona jicho la kimbunga. Anahitaji saa chache za kuondoka kabla maji hayajafika, na saa hizo hupatikana pale vipimo vya bahari, ziwa na mlima vinaposomwa kwa pamoja.