Kitenzi "pick", kutoka shamba la kahawa hadi kwenye simu

Kitenzi cha Kiingereza "pick" ni kifupi kutamka, lakini kazi zake ni nyingi. Kiini chake ni ncha inayochokoa kitu kilichokaa mahali pake. Ndiyo maana hutumika kwa anayechokonoa meno, na pia kwa mwizi anayefungua kufuli kwa waya. Weka kidole mahali pa ncha hiyo, nawe utafika kwenye maana inayojulikana zaidi na wakazi wa Tetu, Kaunti ya Nyeri: kuchuma.

Tetu ni mahali pazuri pa kujifunzia kitenzi hiki. Upande wa juu, karibu na msitu wa Nyandarua, kuna mashamba ya chai yanayolisha kiwanda cha Gathuthi. Ukishuka kuelekea mjini Nyeri, unaingia kwenye kahawa. Mazao yote mawili huvunwa kwa mkono, na Mkenya akizungumza Kiingereza hutumia "pick" kwa yote mawili. Kwenye chai, mchumaji hutoa majani mawili na kichipukizi chao, akaacha yaliyokomaa. Kwenye kahawa, hutafuta tunda jekundu lililoiva na kuacha lililo bichi mtini, hivyo mti mmoja hurudiwa mara kadhaa katika msimu. Kwa hiyo kitenzi hiki hakilingani na kuvuna kwa jumla. Anayefyeka ngano au kung'oa viazi hasemwi hivyo. Mara nyingi mkono huchukua kimoja na kuacha kingine.

Kazi haiishi shambani. Faktorini, kabla ya kupima, mkulima humwaga kahawa yake chini na kuondoa matunda mabichi na yaliyokauka, kwa sababu huharibu ladha na kushusha daraja. Hapo Kiingereza huongeza kijineno: "pick out" ni kutoa kilichotambuliwa kati ya vingine, na "pick over" ni kuchambua, kama mpishi anavyochambua maharagwe au mchele. Kiswahili kina kitenzi mahususi kwa kila hatua, yaani kuchuma, kutoa na kuchambua. Kiingereza kinashikilia kimoja tu na kubadilisha mkia wake. Mtafsiri asiyeangalia mkia huo hupotea mapema.

Kutoka hapo si mbali kufika kwenye kuchagua. "Pick" ni nyepesi kuliko "choose": humfaa anayechagua shati au kadi, au kutaja namba yoyote inayomjia. Magazeti ya Kenya huipenda katika vichwa vya habari kwa sababu ni fupi, hata pale jambo lenyewe ni zito. Mhariri wa Kiswahili hana budi kuuliza nani aliyechagua. Wapiga kura wa Tetu walimchagua Wangari Maathai kuwa mbunge mwaka 2002. Rais Mwai Kibaki akamteua waziri msaidizi wa mazingira mwaka 2003. Kichwa cha habari cha Kiingereza kingeweza kutumia "pick" mara zote mbili, lakini kwa Kiswahili kuchagua na kuteua ni mamlaka mawili tofauti.

Matumizi ya Kenya yana upekee mmoja. Kwa Kiingereza sanifu, kumchukua mtu steji au kushika simu ni "pick up". Wakenya wengi hudondosha "up" na kusema "pick" pekee, na mazoea hayo yameingia hata katika Sheng, ambapo asiyeshika simu husemwa "hapick". Kijineno kilichodondoshwa hakikutoweka kabisa: kimesalia ndani ya jina la gari, pikapu. Matumizi hayo yanaeleweka nchini kote, na hakuna sababu ya kumwaibisha anayezungumza hivyo. Ila nje ya Kenya ukimwambia mtu "pick me", huenda akaelewa kwamba unaomba kuchaguliwa.

Kanuni moja ya sarufi inafaa kukaririwa. Pamoja na "up" au "out", kiwakilishi hukaa katikati: "pick it up", kamwe si "pick up it". Pamoja na "on" hakikai katikati: "pick on him" ni kumwonea mtu.

"Pick up" ina maana nyingine pia: kuokota kilichoanguka, kujifunza lugha kwa kuisikia, kuambukizwa mafua, au biashara kuanza kuchangamka baada ya kudorora. "Pick a quarrel" ni kuchokoza, "pick a pocket" ni kuchomoa mali ya mtu mfukoni, na "pick at" chakula ni kukidonoadonoa bila hamu.

Kujaza daftari kwa orodha ya maana hizi hakusaidii sana. Mwalimu amfundishe mwanafunzi kutazama mambo mawili kila anapokutana na kitenzi hiki: kinachochukuliwa ni nini, na kijineno gani kimefuata. Na katika karatasi ya mtihani wa Kiingereza, "pick" ya kumchukua mtu steji iandikwe pamoja na "up" yake.