Usinunue Samaki Kabla ya Kupima Maji



Mtoto akinunuliwa samaki wa dhahabu mjini, humleta nyumbani katika mfuko wa maji, kisha hutiwa ndani ya chupa ya kioo juu ya meza. Baada ya siku chache samaki huelea tumbo juu, na watu husema, "Alikuwa mgonjwa tangu dukani." Mara nyingi sivyo. Samaki huacha uchafu wake katika maji yale yale anayopumulia, na maji yakiwa machache uchafu huo humuua. Samaki mmoja wa dhahabu ataka maji ya debe nne. Chupa ile haijai hata nusu debe.

Pengine wewe wa Kalimoni huna haja na samaki wa pambo. Lakini ukichimba bwawa la tilapia, kosa ni lile lile, na hasara yake ni kubwa zaidi. Kabla ya kutoa fedha, jiulize mambo mawili: maji yangu yatatosha samaki wangapi? Na samaki gani waweza kukaa pamoja?

Mimi mwenyewe sikujiuliza. Nilichimba bwawa la mita 6 kwa 5, nikatia vifaranga 600, nikidhani samaki wengi ni fedha nyingi. Miezi minane baadaye nilivuta wavu nikapata samaki wa urefu wa kidole, mamia kwa mamia. Hakuna aliyewataka. Kwa hasira nikatia kambare watatu wakubwa kutoka mtoni wapunguze msongamano. Walipunguza kweli! Mwishowe nilikuwa na kambare watatu wanene, na tilapia wa kuhesabu kwa vidole.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la nne. Pima urefu wa bwawa kwa mita, pima upana, kisha zidisha. Kila mita mraba moja yatosha tilapia wawili au watatu. Bwawa la mita 10 kwa 6 ni mita mraba 60, basi tia tilapia 120 hadi 180, usizidishe. Mpango wa Serikali ulioanza mwaka 2009 ulifuata hesabu iyo hiyo kwa karibu: bwawa la mita mraba 300 lilitiwa vifaranga 1,000. Bwawa langu lilitosha 90 tu.

Sasa habari ya kukaa pamoja. Tilapia huanza kuzaa akiwa bado mdogo, wa miezi michache tu. Jike huatamia mayai kinywani, kwa hiyo watoto wengi hupona, na upesi bwawa hujaa walaji wasiokua. Dawa ni mbili. Ya kwanza ni kununua vifaranga vya madume matupu kwa wazalishaji wanaoaminika. Kituo cha samaki cha Sagana, kilichoanzishwa mwaka 1948, ni mahali pazuri pa kwenda kuuliza. Ya pili ni kambare, lakini kwa utaratibu. Tilapia waingie kwanza. Wakishakua, tia kambare walio wadogo kuliko wao, mmoja kwa tilapia kumi hadi ishirini. Kambare wa namna hiyo hula watoto wanaozaliwa, bali hawezi kuwameza wakubwa. Mimi niligeuza utaratibu, nikaadhibiwa.

Angalia na maji yenyewe. Tumbukiza mkono wako. Kiganja kikipotea machoni maji yanapofika kiwiko, rangi ya kijani ni nzuri, chakula kipo. Kikipotea kwenye kifundo cha mkono, yamezidi. Acha samadi kwa muda. Ukiwaona samaki alfajiri wakitweta juu ya maji, hewa imepungua. Usiwalishe, ongeza maji mapya mara moja. Tena kumbuka kwamba huku kwetu mwezi wa Juni na Julai ni baridi. Tilapia hula kidogo, na chakula kinachobaki huoza, kwa hiyo punguza kipimo.

Na mtoto akija na samaki wake wa dhahabu akitaka kumtia bwawani, mkataze kwa upole. Kambare watamla, wasipomla, atagombania chakula na tilapia wako. Wala asimwachilie katika mto Ndarugu, maana yeye ni mgeni, na mgeni akizaana mtoni hakuna wa kumtoa. Mtafutie chombo cha debe nne, amfuge peke yake, na kila wiki abadilishe sehemu ya maji. Humo atajifunza mapema jambo lililonigharimu mimi msimu mzima: mwenye kupima maji kwanza ndiye mwenye kuvuna samaki.