Chura wa Majini na Uchotara Wake: Utangulizi

Vyura wa Dar es Salaam huenda unawafahamu tayari: masika yakianza, jioni hujitokeza kwenye nyasi za Mnazi Mmoja na kando ya mitaro ya Kariakoo, wakivizia wadudu chini ya taa. Hao sio tutakaowasoma, na ni vema tulimalize hilo mapema kwa kuwa wengi huchanganya. Wetu ni chura wa majini wa jenasi Xenopus. Jenasi ni kundi la spishi zenye undugu wa karibu. Hapa pwani tunaye Xenopus muelleri, aliyefafanuliwa kitaalamu na Wilhelm Peters mwaka 1844. Humkuti barabarani, maana hula, hulala na hata kumwita mwenzake ndani ya maji. Hana ulimi, chakula hukisukumia kinywani kwa mikono.

Tuanze na yai. Dume humkumbatia jike kiunoni, jike hutaga, na dume humwaga mbegu palepale majini. Mayai yana upana wa kama milimita moja, nayo hunata mojamoja kwenye mimea. Baada ya siku mbili tatu huanguliwa.

Anayetoka ni kiluwiluwi, na hapa nakuomba usiwe na haraka, kwani kwangu mimi huyu anampita mzazi wake kwa uzuri. Mtazame kwenye chupa ya kioo. Anaelea kichwa chini, mkia juu, ncha ya mkia ikitetemeka bila kupumzika. Mwili wake ni angavu kiasi kwamba unauona moyo ukidunda. Kinywani zimechomoza sharubu mbili ndefu, ndiyo maana wageni humdhani kambare mchanga. Hakwangui mwani kama viluwiluwi wengi. Hugugumia maji na kuchuja viumbe vidogo vilivyomo.

Kisha huja metamofosisi, yaani mabadiliko ya umbo kutoka kiluwiluwi hadi chura kamili. Miguu huota, utumbo hufupika, mkia hunywea mpaka ukaisha. Amri hutoka kwenye tezi ya thairoidi, inayomwaga homoni, kemikali ya kupeleka ujumbe kupitia damu. Mwaka 1912 mwanasayansi Gudernatsch aliwalisha viluwiluwi tezi hiyo ya mamalia, wakageuka vyura wangali wadogo mno. Kwa Xenopus laevis wa kusini mwa Afrika, ndugu wa chura wetu, safari nzima huchukua takriban miezi miwili.

Utauliza, uchotara uko wapi? Umo ndani ya seli. Chotara ni mzaliwa wa wazazi wa spishi mbili. Kila mzazi humpa kromosomu, nyuzi zinazobeba jeni, na ili azae, kila kromosomu lazima ipate mwenzake wa kufanana naye. Fikiria muuza viatu wa Kariakoo mwenye viatu 9 vya kushoto na 9 vya kulia, kila kimoja cha namba yake: anavyo 18, jozi hana hata moja. Hiyo ndiyo shida ya chotara, na madume yao kwa kawaida ni tasa. Majike, hata hivyo, hutaga baadhi ya mayai yenye kromosomu zote badala ya nusu. Kwa njia hiyo idadi yaweza kuongezeka maradufu, 18 zikawa 36, na kila moja ikapata mwenzake. Jenomu ya laevis, yaani jumla ya taarifa zake za urithi, iliyochapishwa mwaka 2016, ilionyesha kwamba spishi mbili ziliungana hivyo miaka milioni 17 hadi 18 iliyopita. Muelleri ni mzao wa muungano huohuo, naye ana kromosomu 36.

Wengine waliendelea kuchanganyika. Huko Uganda yupo Xenopus ruwenzoriensis mwenye kromosomu 108! Kwa sura tu, spishi hizi huwababaisha hata wataalamu, hivyo kazi yako ya kwanza maabarani itakuwa kuhesabu kromosomu. Kipande kidogo cha ncha ya mkia wa kiluwiluwi kinatosha: seli zake hugawanyika kwa wingi, na wakati wa kugawanyika ndipo kromosomu huonekana vizuri kwenye hadubini.