Katavi: Sifa za anayetaka kazi ya kulinda usalama wa chakula

KILA msimu wa mavuno, magunia ya mahindi, mpunga na karanga husafirishwa kutoka Mpanda kwenda Tabora, Sumbawanga na masoko ya mbali zaidi. Mnunuzi hutazama punje, rangi na ujazo wa gunia. Lakini kisichoonekana kwa macho ndicho kinachoweza kulirudisha lori zima mpakani, au kuua.

Kitu hicho ni sumukuvu, sumu itokanayo na kuvu inayoota katika nafaka na karanga zisizokaushwa au kuhifadhiwa ipasavyo. Mwaka 2016 iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, wengi wao wakiwa wamekula mahindi waliyoyalima wenyewe. Kupika hakuiondoi. Machi 2021, Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu hiyo hiyo. Siku chache baadaye ilipolegeza msimamo, ilitaka kila shehena iambatane na cheti kinachothibitisha kuwa sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa kila bilioni.

Cheti hicho hakijiandiki. Nyuma yake yupo mtu aliyejua achukue sampuli kutoka magunia gani, aipeleke wapi na asome vipi majibu ya maabara. Kwa mkoa unaoishi kwa kilimo kama Katavi, ambao unaitazama pia Kongo kupitia bandari ya Karema katika Ziwa Tanganyika, hiyo ni kazi ya kudumu, ingawa haitajwi sana pale vijana wanapojaza fomu za vyuo.

Safari ya kuifikia huanza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwanafunzi anayeiacha Kemia anapoingia Kidato cha Tatu, eti kwa kuwa ni ngumu, hujifungia mlango bila kujua. Fani yote hii imejengwa juu ya Kemia na Biolojia, na Hisabati nayo haikwepeki, maana mpimaji asiyejua kukokotoa hawezi kuyaeleza majibu yake.

Aliyemaliza Kidato cha Nne na kufaulu masomo ya sayansi anaweza kuanzia ngazi ya cheti au stashahada katika vyuo vya afya na vya kilimo. Kwa shahada, vyuo vikuu kwa kawaida hutaka ufaulu wa masomo mawili ya Kidato cha Sita, Kemia ikiwa mojawapo, au stashahada ya fani inayohusiana yenye wastani mzuri. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) cha Morogoro na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufundisha sayansi na teknolojia ya chakula. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili hutoa shahada ya afya ya mazingira.

Hapo ndipo njia zinapogawanyika. Aliyesoma afya ya mazingira huwa afisa afya, yule anayeingia migahawani, buchani na sokoni kwa niaba ya halmashauri. Huyu hatakiwi kuwa na cheti cha chuo tu. Sheria ya mwaka 2007 inamtaka asajiliwe na baraza la wataalamu wa fani hiyo. Aliyesoma sayansi ya chakula huelekea zaidi viwandani, maabara na katika Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Wapo wananchi ambao hadi leo huitaja TFDA wanapozungumzia ukaguzi wa chakula. Jukumu hilo lilihamia TBS Julai 2019, na iliyokuwa TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina la TMDA. Mwombaji wa kazi anayekosea jambo hili mbele ya wasaili atakuwa amejieleza vya kutosha.

Viwandani, waajiri huuliza pia kuhusu mifumo: HACCP, unaotambua hatua za uzalishaji ambamo hatari inaweza kuingia na kuidhibiti hapo hapo, na kiwango cha kimataifa cha ISO 22000, kilichotolewa mwaka 2005 na kurekebishwa mwaka 2018. Mafunzo yake huwa ya siku chache. Ni nyongeza yenye thamani kwa mwenye taaluma, lakini hayawezi kuziba pengo la asiye nayo, hata cheti chake kikiwa na nembo ya kupendeza kiasi gani.

Si kila kazi ya ubora inahitaji shahada. Viwango vya Afrika Mashariki vinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5, na mtunza ghala aliyefundishwa kutumia kipima unyevu anaweza kuzuia kuvu kabla maabara haijahitajika. Maabara za TBS za Ubungo, Dar es Salaam, ziko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mpanda. Kosa lililofanyika ghalani halirekebishiki huko.

Ndivyo ilivyo kwa asali ya Inyonga. Ikivunwa kabla haijaiva, unyevu hupita asilimia 20 na huweza kuchachuka. Ikichemshwa kupita kiasi, vipimo vya maabara hufichua. Kampasi ya Mizengo Pinda ya SUA, iliyoko Mpimbwe mkoani humo, hufundisha masuala ya nyuki, na mhitimu wake anayeelewa vipimo hivyo ana nafasi ya kufanya kazi ya ubora bila kuhama mkoa.

Kabla ya kulipa ada ya maombi, mzazi na mwanafunzi wanashauriwa kuangalia miongozo ya udahili inayotolewa kila mwaka: ya TCU kwa shahada, na ya NACTVET kwa cheti na stashahada. Humo hutajwa vyuo vinavyotambuliwa na sifa za kila programu. Nafasi za serikalini hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na kuomba hakulipiwi.