Mwanamke na Ukandarasi wa Nyumba Funyula

Neno "fundi" halina jinsia. Ngeli ya A-WA humpokea mwanamume na mwanamke bila kuuliza. Hata hivyo, mtu akiulizia fundi wa nyumba katika soko la Funyula, ni nadra aelekezwe kwa mwanamke. Na akitokea mwanamke, ataitwa "fundi wa kike", kana kwamba ni fundi aliyepunguzwa.

Ajabu ni kwamba katika nchi ya Wasamia, kama ilivyo kwingi magharibi mwa Kenya, mwanamke hajawahi kuwa mgeni wa ujenzi. Wanaume walisimamisha miti, wakafunga fito na kuezeka. Wanawake walichota maji, wakakanda udongo, wakakandika kuta na kuzisiriba. Ilipokuja saruji na mabati, ujenzi ukawa kazi ya malipo, naye mkandikaji akabakia kubeba maji na mchanga, kibarua katika shughuli aliyoijua tangu utotoni.

Tuseme basi kwamba mwanamke mfanyabiashara, asiyepata kushika mwiko wa mwashi, anataka kuanza kuwajengea watu nyumba. Je, huo ni wazimu? Sioni hivyo. Mwenye biashara hii halazimiki kupanga matofali kwa mkono wake. Analazimika kujua hesabu. Mfuko wa saruji una kilo 50. Zege la kawaida ni sehemu moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto. Ukuta wa mita moja ya mraba hula matofali ya saruji kama 10. Ajuaye haya hadanganywi kwa urahisi mifuko inapoanza kupungua usiku. Isitoshe, aliyechuuza mpakani Busia amekwisha kupitia darasa gumu zaidi: kukokotoa bei kwa sarafu mbili, na kujua lini saruji ya Tororo, ng'ambo ya Malaba, ina faida na lini ushuru na nauli huimeza faida hiyo.

Penye kuhitaji uangalifu ni sheria. Sheria ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi ya 2011 inamtaka mkandarasi asajiliwe, na kampuni iwe na angalau mkurugenzi mmoja mwenye ujuzi wa kazi hiyo. Kwa hivyo asiye na ujuzi hana budi kutafuta mshirika, na hapo ndipo mtego ulipo. Tangu 2013 serikali imetenga asilimia 30 ya zabuni zake kwa wanawake, vijana na walemavu, na si siri kwamba wapo waume na mashemeji waliovigundua ghafla vipaji vya wake zao. Jina la mwanamke huandikwa kwenye cheti. Kitabu cha hundi hukaa mfukoni mwa mwingine. Mshirika apewe hisa chache, kwa maandishi, na saini ya benki ibaki ya mama mwenyewe. Wateja nao walipe kwa hatua: msingi, kuta hadi linta, kisha paa.

Mtaji ndio mlima. Benki huuliza hati ya shamba, na hati nyingi zina jina la baba au la mume. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inatambua mchango wa mke, lakini mchango hauwekwi rehani. Wengi itawabidi waanze kwa fedha za chama, nyumba moja baada ya nyingine.