Saa ya Ufunguo: Raha Yake, Gharama Yake

Unadhani saa ya bei mbaya inajiendesha yenyewe? Thubutu! Omega Speedmaster Professional, aina aliyovaa Buzz Aldrin mwezini mwaka 1969, haina betri. Usipoitia ufunguo, inalala. Toleo la sasa likijazwa hudumu kama masaa 50.

Kwa hiyo kila asubuhi ivue kwanza. Ukiijaza ikiwa mkononi unaweza kukipinda kijiti chake. Zungusha kidude cha pembeni taratibu. Kikigoma, acha.

Halafu kuna sevisi. Mafuta ya ndani hukauka, hivyo fundi aifungue kila miaka 5 hadi 8, na bili yake si mchezo. Mwambie mwenzio bei yote kabla hujanunua, sevisi ikiwemo. Akikuta risiti kwenye droo, utajieleza mpaka asubuhi.